Jumla Iliyobaki Butiama

Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, saa tisa alasiri, radi iliipiga ofisi ya kumbukumbu za sauti pale Bweri, mjini Musoma, na Mugeta akafiwa na mke wake mara ya pili.

Mara ya kwanza Eufrasia alikufa kwa homa, nyumbani Kibara. Aliacha saa moja tu ya sauti. Watu wa ofisi ile walimrekodi akieleza namna ya kukausha dagaa, huku akiwacheka wanaume wasiojua kuwageuza. Kila mwezi Mugeta alifunga safari hadi Musoma, akamsikiliza, akarudi.

Jofrey, fundi wa kompyuta, alimwelezaga vizuri. Kila rekodi waliigawa nusu mbili: moja kwenye diski ya Musoma, nyingine Bunda. Diski ya tatu, ya Butiama, haikuwa na nusu yoyote. Iliwekwa jumla ya hizo mbili.

"Chukulia Musoma kuna tatu, Bunda nne. Butiama tunaandika saba. Moja ikifa, mbili zinaifufua."

Nakala kamili zingetaka diski nne. Hapa tatu zilitosha. Mugeta aliishia darasa la nne, ila kutoa nne kwenye saba hakukumshinda. Aliisifu hesabu ile.

Waliomshinda ni wakubwa. Februari alitarajiwa mgeni rasmi, basi Bonifasi, mkuu wa ofisi, akaagiza diski ya Bunda iletwe, ipangwe pamoja na ya Musoma kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, zichomekwe umeme ili mgeni azione zikiwaka vitaa. Ya Butiama iliponea kwa kuwa gari lilikosa mafuta. Mgeni akaahirisha mara mbili. Hakuna aliyezirudisha. Zikamngoja hapo hapo mpaka radi ikatangulia kufika.

Bonifasi alisema hiyo ni kazi ya Mungu.

"Mungu hajaagizaga kitambaa cha meza," Mugeta alimjibu. "Mlizitenganisha kwa akili, mkazikusanya kwa kujipendekeza."

Kesho yake walikwenda Butiama, yeye na Jofrey. Jofrey akachomeka diski, akamvalisha spika za masikioni. Kulikuwa na mvumo tu, kama mvua kwenye bati.

"Saba tunayo, baba," Jofrey alisema taratibu. "Lakini saba ni tatu na nne, ni mbili na tano, ni moja na sita. Wa kutuambia ipi, ameungua."

Mugeta hakuzivua. Aliinama, akafumba macho, akautafuta ule mcheko wa dagaa ndani ya mvua, kama mtu anayepapasa sindano kwenye mchanga. Mvua haikukatika.

"Siku mnajumlisha, Eufrasia mlimwingiza humu?"

"Tulimwingiza, baba. Nusu zake zote mbili."

"Basi niambie, kijana. Yumo au hayumo?"

Jofrey aliitazama diski, kitaa chake kikiwaka na kuzimika.