Chaki Mlangoni

Mimi si mkaidi. Natanguliza hilo kwa sababu watu wa utafiti wameshaniita hivyo, na hapa mtaani kwetu Kikula jina likishakushika halikuachii.

Walikuja na maswali yao. Mama Mado, unaamini chanjo inaua uzazi? Hapana. Pasta wako anakataza? Pasta amechanja watoto wake wote. Basi ni mume? Mume yuko kaburini, mwacheni apumzike jamani! Na bado mjukuu wangu Exaucé hakuwa ameonja hata tone moja la chanjo ya polio, wakati upande wa Kambove watu walisema kuna mtoto amepooza mguu. Niliogopa, nidanganye kwa nini? Kila asubuhi nilimwangalia anavyosimama. Lakini wachanjaji niliwafukuza.

Halafu akaja Daniella, msichana wa timu hiyohiyo ya utafiti. Huyu hakuuliza ndiyo wala hapana. Aliketi karibu na gunia langu la unga, akasema, "Mama, unielezee tu ile siku bachanjaji balikuya. Anzia pa hodi."

Nikamweleza. Walibisha hodi, nikawakaribisha vizuri, nikaingia ndani kumchukua mtoto. Kutoka, nakuta mmoja ana chaki, anaandika kwenye mlango wangu.

"Aliandika nini?"

"Minye sijue! Alama na namba. Weye haukuona nyumba ya baba Matata?"

Matata alikuwa jirani yangu. Ilianza hivyohivyo, alama ya chaki ukutani, kisha tingatinga likaja kubomoa, eti nyumba iko njiani. Tangu siku ile, mtaani kwetu mwenye chaki hafunguliwi mlango.

Daniella alijishika kichwa. "Mon Dieu! Kumbe njo ile chaki?" Akanieleza kwamba wachanjaji wanaandika ili kujua nyumba ipi wameshaipitia, basi. Nilimwelewa. Lakini nyumba hii niliijenga kwa kuuza unga kopo kwa kopo, na maelezo hayazuii tingatinga.

Kesho yake akarudi na mchanjaji, Rolly. Akamwomba asiandike. Rolly akakataa katakata.

"Bila alama, chef, mukubwa wangu wa kazi, atasema sikufika hapa."

Wakabishana mpaka majirani wakatoka nje. Exaucé analia mikononi mwangu, matone yanangoja kwenye kisanduku. Nikachoka nao wote wawili.

"Mupatie mutoto kwanza," nikasema.

Rolly akamdondoshea mdomoni. Mtoto akakunja uso, akameza. Moyo wangu ukatulia, nisifiche. Kisha Rolly akatoa chaki. Nikasimama katikati ya mlango, nikamgeuzia mgongo, nikavuta kikwembe, kitenge nilichojifunga, kikanyooka mgongoni.

"Andika hapa. Bakikuya kubomoa, baanze na minye."

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, akaandika.

Nikamwita Yasmine wa nyumba ya pili alete watoto wake. Alifungua mlango, akatoka nao wote, akasimama kizingitini, mgongo ameshaugeuza.