Jicho la Tangi la Tatu

Kila siku ya kazi, kabla ya saa moja asubuhi, Angèle husimama na vibarua wenzake mbele ya kiwanda cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, barabara ya kwenda Kamatanda, kusubiri mlinzi amwite. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anaitwa hivyo. Akiisha kuingia hunawa mpaka viwiko, hupanda ngazi ya tangi la tatu, huchota kijiko kimoja cha ule uji wa mahindi uliotiwa mizizi, huonja, kisha husema kama umechacha au bado umelala.

Mwaka huu macho yake yote mawili yaliingia ukungu. Mtoto wa jicho, alisema Bibiane, muuguzi wa zahanati ya kampuni. Alimwambia hivyo mlangoni, maana ndani hutibiwa wenye matricule tu, yaani namba ya mwajiriwa, na kibarua hana matricule. Angèle akarudi kwenye tangi lake. Ila binti yake Tina alikuwa amejifungua mwezi wa pili, na uso wa mjukuu alikuwa hajauona. Alimjua kwa harufu na kwa uzito.

Mwezi wa tatu kampuni ikanunua jicho. Ni bomba la chuma la urefu wa mkono, lenye kioo mwishoni. Linakaa ndani ya munkoyo, linatoa mwanga, na kwa mwanga unaorudi linajua uchachu umefika wapi. Ruphin, fundi aliyelifunga, aliliandikisha matricule 118, kwa kuwa kompyuta ya ofisi haipokei habari kutoka kwa asiye na matricule.

Baada ya wiki tatu kioo kikafanya utando, tarakimu zikaanza kuruka ovyo. Ruphin akalifunga jicho kwa taulo, akalipeleka zahanati. Bibiane akasoma matricule, akalilaza kitandani, akalitia dawa ya matone. Halikupona.

“Macho ya vile tunatiaka maziwa ya mama,” alisema Angèle kutoka mlangoni.

“Ya nani?” aliuliza Bibiane.

“Ya Tina. Iko nayo mingi, mutoto anashindwa kumaliza.”

Tina akaitwa, akakamua matone mawili. Jicho likatoa machozi kidogo, likatakata. Tangu saa ile Angèle akifumba macho anaona ndani ya tangi la tatu: mwanga wa manjano, na povu linapanda polepole kama shanga.

“Ruphin, tangi inapata joto,” alisema siku moja akiwa uani, anafagia. “Fungua maji.”

Dakika kumi baadaye kompyuta ikasema vilevile. Ruphin akazoea kufungua maji kwanza.

Mkurugenzi Ambroise alifurahi. Angèle akamwendea kuomba matricule, apasuliwe macho.

“Mama, unaonaka ao hauonake?”

“Minaonaka munkoyo, patron.”

“Na jicho ya nani?”

“Ya kampuni.”

“Basi kampuni inakutunza tayari. Mugonjwa iko wapi?”

Angèle alimtafuta huyo mgonjwa, akakosa wa kumwonyesha. Akashukuru, maana alikuwa amepewa kiti.

Jumamosi, tangi lilipokwisha kumwagwa, Ruphin alichomoa jicho, akalifuta kwa upindo wa ovaroli, akalielekeza kwa mtoto aliyebebwa na Tina. Angèle alikaa juu ya kreti, uso ukutani, macho ameyafumba.

“Songa pembeni, Tina, unafunika mutoto.”

“Njo hivi, mama?” aliuliza Tina, akisogea hatua moja.

“Njo hivyo. Ile pua haiko ya kwetu.”

“Ni ya baba yake.”

“Minaona. Masikini. Lakini masikio ni ya babu yake, marehemu Hilaire, yote mbili.”

Kompyuta iliandika: safi, bado kuchacha. Ruphin akahifadhi, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Jumapili wenye matricule hupumzika. Jicho lilibaki ndani ya sanduku lake lenye sponji, na humo kulikuwa giza. Angèle alikwenda misa ameshikwa kiwiko na Tina, mtoto kifuani, na kila aliyewasalimu, Angèle alimweleza sura ya mjukuu, kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu.