Mia na Kumi

Lori la saruji liliingia yadi saa saba mchana likinuka raba ya moto, na Mama Upepo akaliendea na geji ya upepo mkononi kabla injini haijazimwa. Ndivyo bosi alivyotaka. Lori likiingia lipimwe, lipakiwe, litoke. Kusubiri matairi yapoe, kwake, ulikuwa uvivu wa mafundi.

Jina la Mama Upepo alipewa na madereva. Kwa alivyokonda, walisema upepo wote wa mwili wake umeishia kwenye matairi ya watu.

Matairi ya trela yalisoma paundi mia na ishirini na tano. Kibao cha bosi ukutani kilisema 110.

"Umezidi," bosi alisema kutoka kivulini. "Punguza."

"Bosi, yamepata moto njiani. Hiyo mia na kumi ni ya tairi baridi. Nikipunguza sasa, yakipoa yatakuwa chini. Na tairi legevu kwa mzigo huu..."

"Nimekuuliza mzigo?"

"Hapana, bosi."

"Umesomea wapi wewe?"

Madereva wawili walicheka. Alisomea hapo hapo yadini, miaka kumi na miwili, kwa mikono hiyo hiyo iliyochubuka.

"Upepo ukizidi tairi linapasuka, hata mtoto wa chekechea anajua. Punguza, au weka geji chini. Wanaoitaka wako getini."

Dereva wa lori hilo alikuwa mdogo wake Mama Upepo, tumbo moja. Alichungulia dirishani.

"Dada, fanya anavyosema. Nitaenda polepole."

"Na hizo tani nane za ziada unazopakiwa, nazo zitaenda polepole?"

"Dada, tafadhali."

Mdogo wake alikuwa na watoto watatu, na bosi alikuwa anasikia. Mama Upepo akapiga magoti. Akabonyeza vali moja baada ya nyingine, matairi kumi na mawili, upepo wa moto ukimpiga usoni, roho ikimuuma kama anayeiba. Kisha akaandika 110 kwenye daftari na kutia sahihi.

Lori lilipinduka kesho yake asubuhi, kwenye mteremko.

Bosi mwenyewe alimfuata Mama Upepo na gari lake, akamkalisha kiti cha mbele, heshima ambayo hakuwahi kupewa. Njia nzima Mama Upepo alilia kimyakimya, akiamini anapelekwa kumtambua mdogo wake.

Trela lilikuwa limelala ubavu, saruji imetapakaa hadi mtaroni. Matairi mawili yalichanika vipandevipande. Kumi yalikuwa mazima, na yalikuwa yamepoa. Kando ya barabara palikuwa na turubai, na chini yake miguu miwili, mmoja hauna kiatu.

Bosi alifungua buti la gari, akatoa kompresa ndogo ya kujazia upepo.

"Mkaguzi wa bima anafika saa nane. Jaza."

"Bosi, naomba kwanza nimwone."

"Yupo. Haendi popote."

Mama Upepo hakuipokea kompresa. Bosi akasogea karibu, akashusha sauti, karibu kwa upole.

"Sahihi kwenye daftari ni ya nani? Mkaguzi akikuta tisini na kitu, mimi nitamwonyesha kibao changu. Wewe utamwonyesha nini? Ukifungwa, hao watoto watatu wa mdogo wako watalelewa na nani? Na mimi?"

Mama Upepo akachutama. Geji ilisoma tisini na sita, kama alivyojua. Akafunga mpira wa kompresa kwenye vali, mashine ikaanza kunguruma, na vumbi la saruji likamganda mashavuni palipokuwa na machozi.

"Ngapi sasa?" bosi aliuliza.

"Mia na kumi."

"Unaona? Tena yakiwa baridi, kama ulivyotaka."

Akahamia tairi la pili. Nyuma yake alisikia wanaume wakihesabu, moja, mbili, tatu, wakanyanyua turubai pamoja na kilichokuwa chini yake. Hakugeuka. Sindano ya geji ilikuwa imefika mia na nane.