Mpaka Nimalize Pindo

Mimi fundi cherehani nina kiburi changu: mteja haoni nguo mpaka nimalize pindo. Anune, atukane, haoni. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Miaka mitatu ya ndoa mwili wangu ulikuwa unajifunga. Mume wangu akijaribu tu kuniingilia, misuli inakaza yenyewe, naumia mpaka napiga kelele. Hakunilazimisha hata siku moja, yule fundi umeme wangu. Tulikwenda wote kwa mshauri wa wanandoa, mama mmoja mcheshi.

"Hakuna mwenye kosa," alisema. "Mwili umejifunza kuogopa, tutaufundisha upya." Akanipa kisanduku cha vijiti laini vitano, kuanzia chembamba kama kidole cha mwisho. Niviingize mwenyewe kimoja kimoja, polepole, na mume asijaribu mpaka nimwite. "Lakini kila hatua umwambie mwenzio. Mficha uchi hazai."

Nilimwambia namba moja. Namba mbili alinibeba jikoni tukicheka mpaka mboga zikaungua. Basi, hapo nikaona nitamshtukiza. Nitamwita siku nguo imekwisha! Kila akiuliza, najibu, "Bado niko namba mbili."

Tatu ilipoingia, nililia bafuni kwa furaha, peke yangu. Akauliza, "Vipi?" Nikasema bado. Nne nayo ikaingia. Wakati huo alishaacha kuuliza, na alikuwa akilala kwenye kochi. Nilijiona mjanja, jamani. Mjanja wa nini?

Jumamosi namba tano iliingia bila maumivu hata chembe. Nikatandika mashuka mapya, nikamsubiri nikiimba. Aliingia, akapita moja kwa moja chumbani, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi.

"Mke wangu, nisamehe," alisema bila kunitazama. "Kuna mwanamke. Ana mimba yangu."

Nilitaka kumrarua, lakini mdomo ulitoa kitu kingine. "Nimefika tano."

Akaacha kupanga. "Lini?"

"Leo."

"Na nne?"

"Mwezi uliopita."

"Tatu?"

Nikamtajia. Alihesabu miezi kwa vidole, kisha akakaa kwenye yale mashuka mapya na kulia kama mtoto.

"Mbona hukuniambia?" alisema. "Nilidhani mwili wako umenikataa mimi. Ungeniambia tatu tu, ningengoja."

Kisha akafunga begi.