Majeneza Yaliyorudi Haapala

Arvi Hietala aliishi miaka tisini na minne, na katika kijiji cha Haapala hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia vita. Wanaume wenzake walisimulia, hasa wakiwa sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na chupa ikizunguka. Yeye alimwagia mawe maji, akanyamaza.

Lakini kazi aliyoifanya vitani kila mtu aliijua. Hakupewa bunduki. Alipewa ndoo, maji na shuka. Nyuma kidogo ya mstari wa mapigano, ndani ya ghala la mkulima mmoja, aliwapokea waliouawa, akawaosha, akawavika, akawalaza kwenye majeneza ili treni iwarudishe makwao wakazikwe na ndugu zao. Vijana wa Haapala waliokufa upande ule walipita karibu wote mikononi mwake. Majeneza yalifika yamepigiliwa misumari, na amri ilikuwa yasifunguliwe.

Vita vilipokwisha na yeye akarudi, akina mama walianza kuja jikoni kwake mmoja mmoja.

"Arvi, mwanangu alikuwaje?"

"Alikuwa mzima," aliwajibu wote. "Kama mtu aliyelala."

Raili, kitinda mimba wake, alikua akilisikia jibu hilo mpaka likawa kwake kama mlio wa saa ya ukutani. Alimjua baba aliyefanya kazi kiwanda cha mbao, aliyejenga nyumba kwa mikono yake, aliyewasuka nywele mabinti zake mama yao Hilkka alipokuwa mgonjwa. Hakumpiga mtoto hata siku moja. Ila hakuvumilia mtoto alale amejifunika uso. Alikuwa akija, akalivuta blanketi mpaka kidevuni, akaondoka.

Alipofikisha miaka tisini na mitatu akili ilianza kumtoka, na Raili akampeleka nyumba ya wazee karibu na kanisa. Majira ya baridi ya kwanza yalipita salama. Masika ilipoingia, muuguzi alimpigia Raili simu asubuhi, sauti yake ikiwa chini.

"Mzee ameanza kusema mambo mezani. Ni bora uje."

Alipofika alimkuta Lempi Kantola anamsubiri koridoni, ameshika kigari chake cha kutembelea. Lempi hakuolewa wala hakuzaa, lakini watoto wote wa Haapala walimwita shangazi. Kaka yake pekee, Onni, alikuwa mmoja wa waliorudi kwenye majeneza.

"Baba yako amemtaja Onni," alisema. "Tulikuwa tunakula uji. Akasema, Kantola Onni, kuanzia kifuani kwenda juu hakuna kitu."

"Shangazi Lempi, baba hajui anachosema. Jana ameniita mimi Hilkka."

"Anajua. Ametaja na soksi. Za kijivu, visigino vyekundu. Nilizifuma mimi hizo, nina miaka kumi na minne. Niliishiwa uzi wa kijivu."

"Nitawaambia wamlishe chumbani kwake."

"Waambie. Nitamfuata huko huko. Kigari ninacho."

Na kweli alimfuata. Raili alijaribu kusimama mlangoni, lakini utamzuiaje mama wa miaka themanini na zaidi anayekuja kumuulizia kaka yake? Alimpisha. Lempi akakaa karibu na kitanda, akamwinamia.

"Arvi. Kwenye jeneza la Onni uliweka nini?"

Mzee alijinyoosha kama aliyeitwa na afisa. "Kilichokuwepo."

"Na nini kingine?"

"Mchanga. Baba yake ndiye angelibeba. Singeweza kumpa jepesi." Alimtazama Lempi kwa macho yaliyofifia, akamshika mkono, akanong'ona, "Usimwambie yule dada yake mdogo. Bado mtoto."

Lempi aliutoa mkono wake taratibu. Aliinuka, akasukuma kigari chake hadi chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakula tena meza moja na Arvi. Arvi hakugundua. Aliendelea kuwataja wengine, akiwa peke yake, na Raili akakaa pembeni yake akisikiliza, kwa sababu alihisi si haki maneno yale yasemwe bila mtu wa kuyapokea. Usingizi wake ukaharibika. Mengine hakuwaambia hata kaka zake.

Arvi alifariki mwisho wa Novemba. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, Lempi alikuja kwenye chumba cha maiti pembeni ya kanisa bila kualikwa.

"Nataka kumwona," alisema.

Kaka mkubwa wa Raili alitaka kukataa. Raili akamshika mkono. Lempi alisimama muda mrefu akimtazama Arvi kuanzia nywele hadi miguu.

"Haya," alisema. "Huyu yupo mzima. Fungeni."

Mchungaji alimsifu marehemu kuwa mume, baba na askari mwaminifu. Wakala mkate mtamu wa iliki, wakanywa kahawa. Raili alipotoka, giza la Desemba, linaloingia kabla ya jioni, lilikuwa limeshashuka. Kwenye safu ya makaburi ya askari mishumaa iliwaka kila jiwe, isipokuwa la Onni Kantola, ambalo Lempi alizoea kuliwashia kila mwaka.

Alijitolea kumrudisha Lempi kwa gari, ingawa ni mwendo mfupi. Alimfunga mkanda.

"Shangazi, nimwashie Onni mshumaa?"

"Usiwashe. Mwaka huu siwezi."

Wakafika. Mbele ya nyumba ya wazee Lempi hakushuka.

"Kila kiangazi baba yako alikuja kutukatia nyasi za ng'ombe," alisema. "Mpaka mama alipokufa. Hakutaka hata chakula. Mama alisema, mtu mwema huyu. Alikufa anasema hivyo."

"Alikuwa mwema, shangazi."

"Mama alikufa ametulia. Mimi ndiye niliyebaki, na mimi ndiye niliyeambiwa." Alifungua mlango mwenyewe, baridi ikaingia. "Nitolee kigari changu, Raili. Miguu inaganda."

Raili akashuka, akamtolea.