Matone ya Macho ya Mama

Kaka yangu ni mkufunzi wa famasia, na nyumbani tunamwita Profesa. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Sisi tulichoka kubisha. Anafundisha dawa za zile neva zinazoendesha moyo, mapafu na utumbo bila kutuomba ruhusa, na ukoo wetu anauendesha vivyo hivyo. Mimi ni fundi cherehani. Yakija mambo ya dawa, kazi yangu ni kushika kikombe cha maji na kunyamaza.

Mama alipogundulika ana presha ya macho, Profesa ndiye aliyempeleka kliniki. Mimi nilibeba mkoba. Muuguzi akauliza, "Mama ana ugonjwa mwingine wowote?"

Nikafungua mdomo niseme pumu, maana mama anayo tangu usichana, ingawa ilikuwa imetulia miaka mingi. Profesa akanikata kauli.

"Sista, mimi nafundisha hizi dawa. Hata daktari wako huyo humo ndani ni mwanafunzi wangu. Wewe tuandikie tu twende."

Maskini, muuguzi akaona haya, akaandika hakuna. Tukapewa kichupa cha matone. Profesa hakukitupia jicho. Alikuwa akipokea shikamoo za mwanafunzi wake.

Tangu hapo mimi ndiye niliyemtia mama matone, asubuhi na jioni, sikuruka hata siku moja. Mwezi haukuisha, kifua kikaanza kumbana. Profesa akaleta pampu ya pumu. Haikusaidia, akaongeza dozi. Kisha akasema ni vumbi la vitambaa vyangu, nikahamishia cherehani nje, nikashona jua likinichoma mgongo. Wiki ya sita mama alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta. Niliogopa tutampoteza, na niliogopa zaidi kwamba nitakuwa nimemuua mimi kwa pamba na nyuzi.

Jumapili moja Profesa alikuja na mitihani ya kusahihisha, akakaa kando ya kitanda. Nilikuwa nimeinamia macho ya mama nilipomsikia Profesa akicheka peke yake.

"Hebu sikia kituko. Nimeuliza, mgonjwa wa pumu atiwe timololi machoni? Huyu kaandika ndiyo, eti dawa ya macho inaishia machoni! Inateremka puani, inaingia kwenye damu, inabana mapafu. Hapo hata pampu haifui dafu. Mtu kama huyu ataua watu, walahi. Sifuri."

 Nilisoma kichupa mkononi mwangu, herufi moja moja, nikakiweka juu ya ule mtihani.

"Na hiki kisahihishe," nikamwambia.

Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Kalamu nyekundu ikamdondoka. Saa hiyo hiyo tulimkimbiza mama hospitali, matone yakasimamishwa, akaandikiwa mengine.

Siku ya nne mama alioga mwenyewe, akarudi kukosoa mishono yangu. Profesa alikuja na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama, nisamehe."

"Nilijua ni yale matone," mama akasema, taratibu, bila kutweta. "Kila nikitiwa, kifua kinafunga. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Tukamkodolea macho wote wawili.

"Sasa mbona hukusema?" Profesa akauliza.

"Ningesemaje, mwanangu? Kila anayeingia humu ndani namwambia mtoto wangu anazijua dawa zote. Nikaona heri nivumilie kuliko nikuaibishe."

Profesa akaketi sakafuni, machungwa mapajani, akalia. Mimi nilishikwa na hasira, na sikujua nianze kumkasirikia nani.

"Haya, basi," mama akamwambia, akimpapasa kichwa. "Si unaona nimepona? Umenitibu."