Nani wa Mwisho

Alfajiri Nereida alifika kituo cha mafuta na kigoda chake kwapani, na kama kila siku aliuliza kabla hata ya kusalimia:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi," alijibu mwanamume mwenye kofia ya majani, bila kufungua macho. "Na mimi niko nyuma ya yule mwenye ndoo."

Ilitosha. Nereida alikiweka kigoda penye ukuta, akaketi, akamimina kahawa iliyochanganywa na njegere za kukaangwa. Sasa angeweza kwenda msalani, au kuchukua mkate wa mgawo, hata kusinzia. Akirudi angekuta nafasi yake inamngoja nyuma ya kofia ile.

Gari hakuwa nalo, wala hakuwahi kuwa nalo. Alimshikia foleni Osmany, kijana aliyeendesha gari la wazi la rangi ya waridi, la mwaka wa hamsini na tano, lililozungusha watalii mjini Havana. Pensheni ya Nereida ya kiwanda cha nguo haikununua hata trei ya mayai, lakini muda alikuwa nao, na muda ndio uliowapungukia wenye magari. Siku nyingine alikaa pale mpaka jua likamchoma magoti. Zamu ikikaribia alimtuma mtu amwite Osmany, naye akaja, akajaza, akaondoka.

Malipo yao yalikuwa neno tu. Siku ambayo Leyanis, mjukuu wake, angetimiza miaka kumi na mitano, umri ambao huko msichana hufanyiwa sherehe kubwa kama ya arusi, Osmany angempandisha kwenye gari lile. Wangeshuka barabara ya Prado, wangefuata ukuta wa bahari mpaka handaki la barabara lipitalo chini ya mto, wageuke na kurudi.

"Na wewe ungedai mayai, au kuku," majirani walimwambia.

"Ni kwa ajili ya mtoto," alijibu. Alimjibu hivyo kila aliyeuliza, na kila mara alitazama pembeni.

Siku yenyewe ilikuwa leo.

Alikuwa hajamaliza kahawa mlango wa ofisi ulipofunguka. Akatoka mwanamke mwenye sare, gundi mkononi, akabandika karatasi kwenye pampu ya kwanza, akailainisha kwa kiganja.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Foleni imehamia kwenye simu."

"Simu ya nani?" aliuliza mwenye ndoo.

"Ya kila mtu. Mwenye gari anajiandikisha, anapewa zamu, zamu ikifika anaitwa."

"Itafika lini?"

"Ikifika."

Mwenye kofia ya majani alifungua macho hatimaye. "Dada, mimi niko nyuma ya huyu mwenye ndoo tangu jana. Huko kwenye simu nitakuwa nyuma ya nani?"

"Simu haisemi."

"Basi simu haijui foleni."

Watu walicheka. Mwanamke mwenye sare naye alitaka kucheka, kisha akakumbuka sare yake. "Mimi nimetumwa kubandika," alisema. "Leo hapa hatoki mtu na mafuta."

Nereida aliinua kigoda. Aliona wenzake wa foleni, watu aliowajua kwa kofia na ndoo na vikohozi vyao, wakitawanyika bila hata kuagana. Kichwani mwake lilizunguka jambo moja: tangu dakika ile Osmany hakuwa na haja naye tena.

*

Nyumbani, katika chumba chao cha ua wa wapangaji mtaa wa Lealtad, Leyanis alikuwa amesimama juu ya kiti huku jirani akimfunga vifungo vya gauni. Lilikuwa la buluu, la kukodi. Saa nane lilipaswa kurudi kwa mwenyewe, kwa sababu msichana mwingine alikuwa na zamu ya jioni.

"Usipumue," alisema jirani.

"Mpaka saa nane?"

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, na ndani yake alionekana Marelis, mama yake Leyanis, akiwa kazini jikoni kwa watu huko ng'ambo, Montevideo. "Mama," Marelis alimwita Nereida, "mngepiga picha hapo hapo uani, na maua. Mimi nataka kumwona mwanangu tu. Gari la nini?"

"Limekwisha kuahidiwa."

"Hata mimi nilimwambia bibi," Leyanis alisema kutoka kitini. "Tungetembea tu mpaka ukutani. Bahari ni ile ile."

"Limekwisha kuahidiwa," Nereida alirudia, akainama kufuta vumbi kwenye viatu vya mtoto. Ya kituo cha mafuta hakuyasema.

Wilber, kijana wa ghorofani, alishuka na kamera ya kuazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na betri ilikuwa nusu. "Tukienda, twende," alisema. "Nikiwasha mara mbili bila sababu, tumekwisha."

Walifuata mtaa wa Neptuno kwa miguu. Jirani alishika pindo la gauni upande mmoja, Nereida upande wa pili, kigoda kikiwa bado kwapani kwa mazoea. Watu walitoka barazani.

"Bibi, unamwoza mjukuu?" aliuliza muuza vitunguu.

"Nyamaza, mtoto ametimiza kumi na mitano."

"Basi chukua kitunguu. Siku hizi hiyo ndiyo zawadi ya kifalme."

Leyanis alicheka, akakipokea kitunguu kwa mkono wenye glavu. Nereida alicheka pia, lakini macho yalikuwa mbele, kule mtaa unakofunguka kwenye bustani kuu na magari ya wazi yamepangwa kivulini: jekundu, la kijani, la manjano. La waridi lilikuwa la kwanza.

Alilijua gari lile kuliko alivyotaka mtu ajue. Miaka yote alipokwenda ukutani jioni kupunga upepo, magari ya namna ile yalimpita na watu wamekaa juu ya viti vya nyuma, nywele zikipeperuka, wakimpungia mkono. Wengine walimpiga picha. Yeye aliwapungia.

Mwaka aliotimiza kumi na mitano nchi nzima ilikuwa mashambani, kwenye mavuno makubwa ya miwa. Baba yake alikuwa huko na panga, mama yake huko kwenye sufuria za kambi. Kitambaa cha gauni lake, walichokinunua kwa kuponi za mgawo na kukihifadhi, kikawa shuka. Hakulalamika, kwa sababu hakuna aliyelalamika.

*

Osmany alikuwa akifuta taa ya mbele. Aliwaona, akaendelea kuifuta ile ile.

"Mwanangu," Nereida alimwita.

"Bibi Nere." Alimtazama Leyanis, akatabasamu kwa upande mmoja. "Umependeza, mrembo. Kweli kabisa." Kisha sauti ikashuka. "Bibi, umesikia ya kituoni?"

"Nilikuwepo."

"Mwenye gari kanipigia. Kaniandikisha huko kwenye simu. Unajua niko wa ngapi? Bora nisikutajie siku ya sherehe." Alikunja kitambaa mara mbili. "Mafuta niliyobaki nayo ni ya mzunguko mmoja. Kasema huo ni wa watalii. Nikirudi bila noti za kigeni, kesho atakaa mwingine hapa. Nina watoto wawili, bibi, unawajua."

"Nawajua."

"Sijasahau neno langu. Sikulisahau hata siku moja."

"Najua hukusahau," alisema Nereida, na ilikuwa kweli, na ndiyo sababu alishindwa kumkasirikia. Aligundua bado ameshika pindo la gauni. Akamwachia jirani taratibu, lisiguse lami.

Arsenio, msimamizi wa maegesho, alikuja na filimbi yake shingoni, nyuma yake mume na mke wenye kofia mpya za kufanana. "La kwanza ni hili," aliwaambia kwa mikono. Mke alimwona Leyanis, akaweka kiganja kifuani, akasema maneno marefu ya upole. Akaonyesha gari, akamwonyesha Leyanis, akaonyesha kiti cha nyuma.

"Anasema binti apande nao," Arsenio alisema. "Atakuwa pambo la safari. Wameshalipa, wao hawajali."

Osmany aliinua uso kama mtu aliyetupiwa kamba. "Unaona, bibi? Mtoto anapanda. Wilber anakaa mbele na mimi, anapiga picha. Hao wageni atawakata pembeni, si ndiyo, Wilber?"

"Nitajitahidi. Zile kofia ni kubwa."

"Na bibi?" aliuliza Leyanis.

"Leseni inasema watu watano," alisema Arsenio. "Hesabu mwenyewe. Wa sita ni faini, na siiandiki mimi, anaiandika yule mkaguzi aliyeko kona ile."

Leyanis alimgeukia Nereida, akamnong'oneza. "Bibi, si lazima. Sitaki kukaa juu ya watu kama ua la mezani. Mama tutamwambia gari liliharibika."

Nereida alimtazama. Makwapa ya gauni yalikuwa yameanza kulowa jasho. Alifikiri saa nane, betri nusu, na asubuhi zote zile. "Panda, mwanangu," alisema. "Ni kwa ajili yako."

Osmany aliinama, akavuta waya uliokuwa chini ya kiti cha dereva, na mlango wa upande wa pili ukafunguka kwa mlio wa bati. Kitasa cha nje kiling'aa vizuri kuliko kitu chochote kwenye gari lile, ila kilikuwa cha macho tu. Ndani yake hakuna kitu. Wageni wakaingia nyuma. Leyanis akapandishwa juu ya mgongo wa kiti kati yao, gauni likatandazwa likawafunika magoti, nao wakacheka kwa furaha. Wilber akakaa mbele. Kati yake na Osmany, kwenye kiti kirefu kilichoshonwa upya kwa ngozi nyeupe ya bandia, ilibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Tungoje hapa hapa, bibi," alisema Osmany. "Tunarudi sasa hivi."

Nereida aliweka kigoda chini ukingoni mwa barabara, akaketi.

Jirani alimshika bega. "Si unaona? Imekuwa vizuri mwisho wake."

"Imekuwa vizuri."

Injini ilikohoa, ikakubali. Arsenio akaenda kuondoa kamba iliyofunga njia ya kutokea. Juu ya kiti Leyanis hakutabasamu. Alikuwa amegeuka nyuma, anamtazama bibi yake aliyeketi na mikono mapajani, vile vile alivyomwona akiketi kwenye kila foleni ya maisha yake: ya mkate, ya dawa, ya gesi, ya pasipoti ya mama yake. Kitunguu kilikuwa bado mkononi mwake.

Nereida aliona macho yale. Akainuka.

Hakukimbia, kwa sababu gari lilikuwa bado halijasogea. Alitembea na kigoda chake mpaka mlango wa mbele, akashika kitasa kile kinachong'aa. Akakibonyeza. Hakikufanya kitu.

"Bibi, hicho hakifungui," alisema Wilber kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana itabidi niseme."

"Umesahau kitu, bibi?" aliuliza Osmany.

Kutoka kwenye kamba Arsenio aliita, "Watano, mama. Nimeshasema." Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Madereva wa gari jekundu na la kijani waligeuka wakatazama. Yule mgeni mwanamume alitabasamu, akainua simu yake ampige picha.

Nereida alihisi uso unawaka. Alikuwa na miaka sabini na hakukumbuka mara ya mwisho aliposema jambo ambalo halikuwa la mtu mwingine.

"Bibi," alisema Osmany polepole, "makubaliano yalikuwa ya mtoto."

"Mtoto hakuomba gari. Mama yake hakuomba. Niliomba mimi, nikasema ni la mtoto, kwa sababu niliona haya. Nani angemwelewa bibi kizee anayetaka kupanda gari la waridi?" Hakukiachia kitasa. "Wewe ulidhani nakushikia wewe foleni. Nilikuwa kwenye foleni yangu, Osmany. Mbele yangu hapakuwa na mtu, na leo asubuhi wameibandua kama karatasi, wakasema iko kwenye simu. Huko mimi sipo."

Wilber alikusanya kamera na mfuko wake, akasogea kati, karibu na dereva. Osmany alimtazama mkaguzi kwenye kona, akaitazama kamba ambayo Arsenio alikuwa amekwisha kuifungua. Mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya kiti, ukasimama hapo.

"Nataka kupanda," alisema Nereida. "Vuta huo waya."